Kasaji: Franga za zamani si zote zina bei, na zile zenye bei zinaharibiwa

Katika nyumba za zamani za Kasaji, hasa zile zilizo karibu na reli, mara nyingi kuna kopo moja ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Ndani kuna sarafu za wakati wa Wabelgiji, noti za zaire zenye sura ya Mobutu, pengine na bahasha chache za barua zilizofika kwa gari la moshi. Babu aliziweka, baba akazirithi, na siku hizi ni mjukuu anayezipiga picha kwa simu ili aulize: hii ni dola ngapi?

Swali hilo limekuwa biashara. Picha za sarafu za zamani zinapita kwenye WhatsApp na Facebook pamoja na bei za kushangaza, dola elfu kumi kwa kipande kimoja, elfu hamsini kwa noti moja. Mara nyingine yule anayejiita mnunuzi anaomba kwanza franga kidogo za "kuchunguza" kitu, au za safari ya "mzungu" anayekuja kukichukua. Franga zikitumwa kwa simu, namba inazimika. Wengine wanapoteza kwa njia tofauti: wanakishika kitu chenye bei ya kweli, wanakisugua kwa mchanga mpaka king'ae, au wanakipeleka kwenye mizani ya shaba chakavu.

Kasaji ina sababu za kuwa na makopo mengi. Mji huu wa teritware ya Dilolo, jimbo la Lualaba, uko kwenye reli inayotoka Tenke, inapita Kolwezi na Mutshatsha, inafika Dilolo na kuingia Angola. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, ikaunganisha migodi ya Katanga na bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoikata tangu 1975. Penye stesheni pana wafanyakazi wa mshahara, wachuuzi na wasafiri, na wote hao wanaacha sarafu nyuma yao. Kwa sababu mpaka uko karibu, hata escudo za Wareno zinaweza kuonekana katika kopo moja na franga za Kongo.

Halafu kuna historia yenyewe. Mkaaji wa Kasaji aliyezaliwa mwaka 1950 amekwisha kununua chumvi kwa franga za Kongo ya Wabelgiji, kwa franga za Katanga ya Tshombe, kwa franga za Kongo huru, kwa zaire tangu 1967, kwa zaire mpya tangu 1993, na kwa franga ya sasa tangu 1998. Hiyo ni mara sita katika maisha ya mtu mmoja, na bila kuhama kijiji. Kila mara franga ilipobadilika, kuna makaratasi yaliyobaki nyumbani, kwa sababu benki ilikuwa mbali au tangazo lilichelewa. Wazee hawajasahau Noeli ya 1979, Mobutu alipofuta ghafla noti za zaire 5 na zaire 10 na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa na akiba chini ya godoro waliamka na rundo la karatasi.

Hapo ndipo imani ya kwanza ilipozaliwa, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote: kwamba serikali au benki itazirudisha siku moja, na kwamba noti yenye sifuri nyingi haiwezi kuwa bure. Chukua ile noti ya zaire 5.000.000, yenye tarehe ya 1992. Ilipotoka, waziri mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa, wafanyabiashara wakaikataa, na mwezi wa kwanza 1993 askari waliolipwa nayo waliingia barabarani Kinshasa na kupora. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi siku hizo. Noti yenye damu namna hiyo, watu wanasema, lazima iwe na bei.

Hesabu inasema mengine. Mwezi wa kumi 1993, zaire mpya moja ilichukua pahali pa zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka 1998, franga moja ya Kongo ilichukua pahali pa zaire mpya 100.000. Kwa hiyo franga moja tu ni sawa na zaire za zamani 300.000.000.000. Mwenye noti za milioni tano angehitaji kuleta noti 60.000, mzigo wa kujaza magunia, ili apewe franga moja. Na siku hizi franga moja hainunui hata pipi.

Kwa mkusanyaji, ndiyo, noti hiyo ina bei kidogo, kwa sababu ya historia yake. Ikiwa safi kabisa, bila mkunjo, inaweza kupata dola chache. Ikiwa imekunjwa mara nne na imekaa miaka thelathini katika kopo lenye unyevu, haipati kitu. Zilichapwa kwa wingi mno, na sababu ya kuchapwa kwa wingi ndiyo ile ile iliyoua franga yenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa sarafu ndogo za aluminiamu za 1967, zile za sengi 10 zenye chui na zile za likuta moja. Neno "makuta" limedumu midomoni mwa watu kwa kusema pesa, lakini sarafu yenyewe wakusanyaji wanayo ya kutosha.

Wakusanyaji wa nchi nyingine walijifunza jambo hili kwa uchungu. Nchini Marekani kuna watu wanaokusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli, zilizokuwa zinatiwa ndani ya pakiti za sigara na baadaye za chingamu. Kadi moja ya mchezaji Honus Wagner, iliyochapwa kati ya 1909 na 1911, iliuzwa kwa dola milioni 7,25 mwaka 2022. Lakini kadi nyingine za mfululizo ule ule, zenye umri ule ule, zinapatikana kwa bei ya viatu. Tofauti ni kwamba kadi za Wagner zilisimamishwa mapema na zilizobaki ni chache sana, na watu wengi wanazitaka. Umri peke yake haukuongeza kitu. Na wale waliojaza masanduku ya kadi za miaka ya 1980 na 1990 wakingoja utajiri, wengi bado wanangoja, kwa kuwa kila mtu alijaza sanduku lake.

Kosa lingine liko kwenye simu. Mtu anaandika jina la sarafu yake kwenye intaneti, anaona mwenzake Ubelgiji au Kanada ameiwekea bei ya dola 8.000, na anaamini amepata 8.000. Ile ni bei anayoiomba muuzaji, na kila mtu ana ruhusa ya kuomba. Wazoefu hawaangalii hiyo; wanatafuta orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, na bei iliyolipwa kweli. Mara nyingi sarafu inayoombwa 8.000 imeuzwa jana yake kwa sita.

Imani inayowasumbua watu wa Lualaba na Haut-Katanga zaidi ni ile ya sarafu ya Katanga. Katanga ya Moïse Tshombe ilijitangaza huru tarehe 11 mwezi wa saba 1960, ikaanguka mwezi wa kwanza 1963, na hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi. Ilikuwa hata hivyo na benki yake, noti zenye sura ya Tshombe, na sarafu za franga 1 na franga 5 zenye mwaka 1961. Upande mmoja zina mkungu wa ndizi, upande mwingine msalaba wa shaba, ule ule uliokuwa kwenye bendera ya Katanga.

Watu wanasema sarafu hizo ni dhahabu. Ajabu ni kwamba hawakosei kabisa, na ndiyo maana uongo huu ni mgumu kuua. Franga 5 za 1961 zilitengenezwa pia kwa dhahabu, vipande 20.000, zikiwa na picha ile ile na mwaka ule ule kama zile za kawaida. Lakini zile za kawaida ni za shaba nyeusi, na ndizo watu walizonunulia mkate na mafuta. Za dhahabu hazikupita sokoni. Zilifanywa kwa ajili ya kuwekwa. Uwezekano kwamba moja iliangukia katika kopo la mpiga reli wa Kasaji ni mdogo sana.

Kuzitofautisha hakuhitaji mtaalamu kutoka nje wala franga za uchunguzi. Inatosha mizani ndogo ya wauza dhahabu. Franga 5 ya shaba nyeusi ina gramu 6,5. Ile ya dhahabu ina gramu 13,33, zaidi ya mara mbili, ingawa kwa macho zinalingana. Ndani ya gramu hizo 13,33 kuna dhahabu safi gramu 12, na kwa bei ya dhahabu ya 2025 hiyo ni zaidi ya dola 1.000 kabla hata ya kuhesabu hamu ya mkusanyaji. Ikiwa mizani inaonyesha sita na nusu, mwenye sarafu ana kumbukumbu nzuri ya historia ya kwao na dola chache. Akiambiwa zaidi ya hapo, aulize kwanza ni nani anayefaidika na maneno hayo.

Watu wanachanganya pia sarafu za kisasa zenye maandishi "République Démocratique du Congo", zenye wanyama au meli, ambazo ndugu walio Ulaya wanazituma kwa picha. Nyingi zilitengenezwa nje kwa ajili ya wakusanyaji tu. Mama muuza mihogo wa Kasaji hajawahi kurudisha chenji kwa sarafu hizo, na hatazirudisha.

Wakati watu wanafukuza dhahabu isiyokuwapo, feza inalala. Sarafu kubwa ya franga 50 ya mwaka 1944, yenye tembo, ina gramu 17,5 na nusu yake ni feza safi. Ile ya franga 5 ya wakati wa Leopold wa Pili, ya kuanzia 1887, ina gramu 25 na sehemu tisa kati ya kumi ni feza. Hizo zina bei ya madini, na zikiwa katika hali nzuri zina bei ya mkusanyaji juu yake. Kwa jicho lisilozoea zinaonekana chafu na nyeusi, na kwa sababu hiyo mtoto anapewa achezee, au fundi anazitoboa ziwe mkufu. Sarafu iliyotobolewa imepoteza sehemu kubwa ya bei yake. (Zile za senti zenye tundu katikati ni jambo lingine: zilizaliwa na tundu lao.) Kinyume chake, sarafu ya njano yenye pembe sita ya franga 2, mwaka 1943, ambayo watu wanaihifadhi kwa heshima kwa sababu ya umbo lake, ilitengenezwa Marekani kwa mamilioni na ni ya kawaida.

Tahadhari moja hapa. Sarafu kubwa za feza za karne ya 19 zinaigwa sana, na za Leopold hazikusamehewa. Sumaku ikiivuta, si feza. Lakini sumaku isipoivuta bado si ushahidi, kwa sababu shaba pia haivutwi. Uzito ndio shahidi wa kwanza.

Na juu ya weusi huo: usisuguliwe. Majivu, ndimu, mchanga, dawa ya meno, vyote vinaondoa uchafu pamoja na ngozi ya sarafu, na mkusanyaji anaona mikwaruzo mara moja. Ni vigumu kumweleza hili mama aliyefundishwa kwamba kitu cha kuuza lazima king'ae. Lakini hata matajiri wameanguka hapo. Kadi moja maarufu ya Wagner, iliyosifiwa kwa miaka kuwa nzuri kuliko zote, ilikuja kujulikana kwamba kingo zake zilikatwa ili zionekane mpya. Mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mwenyewe mwaka 2013 kwamba ndiye aliyeikata. Maji safi na kitambaa laini ni mwisho wa kazi inayoruhusiwa, na hata hivyo ni kwa sarafu tu. Noti isioshwe, isipigwe pasi, isitiwe plastiki ya moto ile ya vitambulisho.

Kuna pia hadithi ya zebaki nyekundu, inayosemwa kuwa imefichwa ndani ya vitu vya zamani. Ilifika hata Saudi Arabia, ambako mwaka 2009 watu waligombania cherehani za zamani za Singer kwa bei za wazimu kwa sababu ya uvumi huo. Hakuna zebaki ndani ya cherehani, na hakuna ndani ya sarafu.

Kwa stempu za posta ni maneno machache. Katanga ilianza kwa kuchukua stempu za Kongo ya Wabelgiji na kuzipiga chapa ya neno KATANGA juu yake. Wengi wanazo, na kwa kuwa neno moja ni rahisi kuigwa, chapa za uongo zipo. Kosa linalorudiwa nyumbani ni kubandua stempu na kutupa bahasha. Bahasha nzima, yenye muhuri wa posta wa kituo kidogo cha reli na tarehe inayosomeka, inaweza kutafutwa kuliko stempu iliyo juu yake. Anayekusanya historia ya posta anataka kujua barua ilitoka wapi, ilipita wapi na siku gani. Stempu iliyobanduliwa haisemi tena.

Kinabaki kile ambacho ni kikubwa kuliko vyote katika eneo hili, na ambacho kinachukuliwa kama chuma chakavu: msalaba wa shaba wenyewe, ule unaochorwa kwenye sarafu za Tshombe. Wafaransa wanauita croisette, wachunguzi wa kale wanatumia pia jina la handa. Uliyeyushwa na mafundi wa ukanda huu wa shaba karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wale waliokuja kuitwa "walaji wa shaba". Shaba ilimiminwa katika udongo au mchanga uliochimbwa umbo la msalaba. Ilienda mbali kwa miguu, ikanunua nguo na chumvi, ikalipa mahari.

Umri wake haujulikani kwa hadithi tu. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachunguzi Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walifukua makaburi tangu 1957, na Pierre de Maret akaendelea miaka ya 1970. Misalaba ilikutwa pamoja na maiti, kwenye kifua, kiunoni, karibu na mikono. Katika makaburi ya zamani zaidi ni mikubwa na michache. Kadiri karne zinavyosonga inakuwa midogo, mingi, na yenye vipimo vinavyofanana. Kutokana na hapo wachunguzi walielewa kwamba kitu kilichokuwa alama ya heshima kiligeuka kuwa pesa ya kila siku. Hilo lilijulikana kwa sababu kila msalaba uliandikwa ulikuwa kaburi lipi, kwa kina gani, karibu na chungu gani.

Msalaba ule ule ukichimbwa usiku na kupelekwa Kolwezi katika mfuko, unabaki shaba. Muuzaji anasema ni wa miaka mia tano, mnunuzi anasema ulimiminwa mwaka jana, na hakuna anayeweza kuonyesha ushahidi. Kwa kuwa wapo wanaoimimina leo kwa ajili ya wageni, mnunuzi ana haki ya kuwa na shaka, na atalipa kwa shaka yake. Hapo imani mbili zinakutana: kwamba kila msalaba ni wa kale, na kwamba kuuchimba kwa siri ndiko kunakoleta faida. Zote mbili zinashusha bei.

Wengine hawamtafuti hata mkusanyaji. Mwaka 2024 tani moja ya shaba ilikuwa na bei ya karibu dola 9.000 kwenye soko la London, yaani dola tisa kwa kilo, na mnunuzi wa chakavu wa hapa analipa chini ya hapo sana. Msalaba wa kilo moja ukiingia kwenye mizani yake unatoka na franga za chakula cha siku moja au mbili. Baada ya hapo unayeyushwa pamoja na nyaya za umeme.

Sheria ipo. Amri yenye nguvu ya sheria namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inalinda mali za utamaduni za nchi, na vitu vinavyofukuliwa ardhini vinaingia humo. Anayekuta misalaba wakati wa kulima, kuchimba msingi wa nyumba au kutafuta madini anatakiwa kutoa habari kwa serikali, na kuvipitisha vitu hivyo mpakani bila ruhusa ni hatari. Kwa familia iliyorithi msalaba mmoja wa mahari, hali ni tofauti na ya yule aliyefungua kaburi, lakini mnunuzi makini atawauliza wote wawili swali moja: ulitoka wapi?

Kwa hiyo kazi ya kufanya leo haihitaji dola. Mzee akiwa bado hai, aulizwe msalaba huu ulilipwa kwa binti gani, ulitoka kijiji gani, nani aliuleta. Majibu yaandikwe kwenye karatasi pamoja na jina lake na tarehe, na karatasi iwekwe katika kopo pamoja na msalaba. Kwa waliokuta vitu ardhini, Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ina watu wanaovijua, na picha iliyopigwa kabla kitu hakijatolewa shimoni ina maana kwao kuliko kitu chenyewe kilichosafishwa. Wasafishe mikono yao tu. Msalaba ubaki na udongo wake.